Kujitolea Chumbe: usimlipe dalali, nenda kwanza kama mgeni

Swali: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 23, mzaliwa wa Wete, Pemba, baba yangu mvuvi. Mwaka jana nimemaliza diploma ya mazingira na bado sijapata kazi. Nasikia kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, kuna hifadhi ya bahari inayosimamiwa na watu binafsi, na inapokea watu wa kujitolea. Nataka kwenda, lakini baba anasema kile ni kisiwa cha Mzungu, alikinunua akawafukuza wavuvi. Jamaa mmoja anasema atanitafutia nafasi nikimpa shilingi laki tatu. Nina rafiki yangu wa Uholanzi anataka twende pamoja. Na kusema kweli, kuogelea sijui. Nifanyeje?

Jibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na jepesi: laki tatu zako usimpe mtu. Anayefanya kazi bila mshahara na bado akalipia kuipata, huyo ni mteja, si mtu wa kujitolea. Wako wageni wa ng'ambo wanaolipa, tena fedha nyingi, kwa sababu wamenunua malazi, chakula, boti na mtu wa kuwasimamia. Ikisemwa wazi ni biashara yao halali. Lakini huyo jamaa wa Wete hana mlango anaokufungulia. Barua unaiandika mwenyewe, unaipeleka mwenyewe, na jibu linakuja kwako.

La baba yako linataka maneno zaidi, na nakuomba usimjibu kwa jeuri ya diploma, maana hofu yake haikuzuka hewani. Mvuvi yeyote wa visiwa hivi amewahi kuona ufukwe aliokuwa akianika dagaa ukiwekewa uzio na mlinzi. Akisikia "hifadhi ya binafsi" anasikia uzio. Kwa hiyo kaa naye umueleze taratibu.

Kwanza, kisiwa hakinunuliki. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma tokea baada ya Mapinduzi. Mtu hupewa haki ya kuitumia au hukodishwa kwa mkataba, na mkataba una mwisho. Bahari ndiyo kabisa, haina hati. Chumbe ilikuwaje? Ni kisiwa kidogo, hekta ishirini na ushei, kusini magharibi ya Mjini Unguja. Waingereza walijenga mnara wa taa pale mwaka 1904, na mpaka leo umesimama, na msikiti mdogo wa zamani pembeni yake. Upande wa magharibi kunapita njia ya vyombo vinavyokwenda Dar es Salaam, na jeshi nalo lilikuwa na shughuli zake maeneo yale, kwa hiyo kuvua pale kulikuwa kumezuiliwa kabla hata ya mtu kutaja neno hifadhi. Ndiyo maana matumbawe ya maji mafupi yalisalimika wakati kwengine juya, yaani nyavu za kukokota, na baruti zilikuwa zinayafanya kifusi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, aliyekwisha kuishi na kufanya kazi huku, alianza kuisumbua Serikali kwa wazo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu: mwamba wa matumbawe ulindwe kisheria, na fedha za kuulinda zitoke kwa wageni wachache watakaolala kisiwani. Mwaka 1994 Serikali ikautangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi, na msitu nao ukafuata. Kampuni ikapewa kusimamia kwa mkataba, na kuna kamati ya ushauri wanamokaa watu wa Serikali, wa vijiji vya jirani na wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Inatajwa kuwa hifadhi ya bahari ya mwanzo duniani kusimamiwa na watu binafsi. Kwa hiyo mwambie baba: mwenye mali ni Serikali, hawa ni wasimamizi, na wakiharibu wana wa kuwauliza.

Kisha mwambie na hili, nalo atalipenda zaidi. Walinzi wa mwanzo walichukuliwa kutoka kwa wavuvi wa vijiji vya ng'ambo ya kisiwa, na hawakupewa bunduki. Ngalawa ikiingia mpakani, mlinzi anaikaribia, anasalimia, anauliza habari za nyumbani, halafu anaeleza kwa nini hapa hapavuliwi na kwa nini faida yake iko pale nje ya mpaka. Samaki hajui mpaka. Chewa akikua ndani, akataga, mayai yanachukuliwa na mkondo, na akinenepa anatoka mwenyewe. Maelezo hayo yakitoka kwa mtu aliyewahi kutega dema yanaingia masikioni. Yakitoka kwa mtu wa ofisini mwenye fulana ya mradi, mvuvi anaitikia "sawa sawa" na kesho karudi.

Lakini mambo haya hata Pemba mnayo. Misali, hapo magharibi ya Chake, unaijua hadithi yake: Nabii Hidhri alipofika akataka msala wa kusalia, watu hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki chenyewe, jinsi kilivyoelekea Kibla, ndicho msala wangu. Misali iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na tokea 2005 imo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Wavuvi wanaokwenda dago pale, yaani kupiga kambi ya kuvua, walikubaliana na eneo la kutovuliwa kwa mazungumzo, na hoja ya kuwa binadamu ni mwangalizi tu wa alichoumba Mungu ilifanya kazi kuliko karatasi za kanuni. Pale ni Serikali na wavuvi, Chumbe ni kampuni kwa mkataba. Njia mbili tafauti, na mimi sitakuambia ipi bora, maana nimeona zote mbili zikienda na zote mbili zikikwama.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vijana wengi hawalitii akilini wanapoandika barua. Hifadhi kama ile haina fungu la bajeti ya Serikali. Inakula jasho lake. Pale kuna mabanda saba ya wageni, basi. Fedha inayotoka kwenye vitanda hivyo ndiyo inayomlipa mlinzi, inayonunua mafuta ya boti na inayowapeleka watoto wa skuli bure kuangalia matumbawe. Mwaka 2020 ndege zilipokatika, hifadhi zote zinazotegemea wageni zilijikuta mifuko mitupu huku wezi wa samaki hawakupata likizo.

Na kisiwani hakuna kisima. Mvua inayonyesha juu ya paa ndiyo maji ya kuoga na kufulia. Inashuka kwenye tangi chini ya banda, inachujwa, inapandishwa kwa pampu ya mkono. Umeme ni wa jua. Choo hakina maji kabisa: unatupia kata moja ya mboji kavu, na kinachobaki kinageuka udongo. Mara ya kwanza niliponyanyua mfuniko nilijiandaa kuziba pua, nikakuta harufu ya msitu baada ya mvua.

Ukishaelewa hayo utaelewa kwa nini nakwambia hivi: mtu wa kujitolea ni gharama. Anakunywa maji, anakula, anachukua nafasi kwenye boti, na anahitaji mtu wa kumfundisha ambaye angekuwa anafanya kazi nyengine. Kwa hiyo barua inayosema "nina mapenzi makubwa na mazingira" haimsaidii meneja kitu. Yeye anataka kujua utamuondolea mzigo gani.

Na wewe unayo ya kumuondolea. Hebu tuhesabu. Unajua bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapotulia, bila kutazama simu. Unaweza kukaa na mvuvi wa Kipemba aliyekuja kupiga dago Unguja ukamsemesha kwa lafudhi yake; nimeona magomvi ya baharini yakizimika kwa salamu ya kijijini kwa mtu. Majina ya samaki ya Kiswahili unayo, na ukijifunza yale ya kitaalamu utakuwa daraja baina ya mtafiti na mlinzi. Na wewe ni mwanamke. Watoto wa kike wa skuli zetu wanaletwa kwenye bahari ambayo wameishi karibu nayo maisha yao yote na hawajawahi kutia uso ndani. Wakimuona dada aliyejistiri kama wao anashika mrija na kuingia, nusu ya kazi imekwisha.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Sentensi za namna hii: "Baba yangu ni mvuvi wa mishipi na madema, na nimekwenda naye dagoni Misali. Naweza kukaa miezi mitatu. Naweza kuwaongoza wanafunzi kwa Kiswahili na Kiingereza cha kawaida. Sijui bado kuhesabu samaki chini ya maji, ningependa kufundishwa." Andika ukweli hivyo hivyo. Yale ya Misali kama hukwenda usiyatie.

Ila kabla ya barua, nenda kama mgeni. Uliza bei ya mkaazi, maana sehemu nyingi zina bei ya wageni na bei ya wenyeji, na asiyeuliza hutajiwa ile ya juu. Pale Chumbe safari ya siku moja hutegemea kama mabanda hayakujaa, kwa hiyo piga simu mapema wala usiende na begi ukategemea bahati. Masika usijisumbue, mvua na mawimbi, na hoteli nyingi za visiwani hufunga. Kusi nako kunakoroga bahari. Maji safi ya kuonea chini utayapata tanga mbili, baina ya kusi na kaskazi, au kaskazi ikiwa imetulia.

Ukiingia majini, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni usisimame. Sikia kwa nini. Kuna tumbawe la duara, kama kichwa cha mtu lakini mengine yanafika ukubwa wa daladala. Hilo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Ukiona la urefu wa mita mbili, lilianza kabla ya babu wa babu yako. Juu yake kuna ngozi nyembamba yenye uhai, laini kama utando wa yai, na chini ya ngozi hiyo ni jiwe tupu. Mguu mmoja wa mgeni aliyechoka kuogelea unaikwaruza ngozi ile, mwani unaota pale pale, na kidonda kinatanuka. Mlinzi haongei sana. Anakunyooshea boya ulishike. Kwenye mwamba ule zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za samaki na kiasi cha aina 200 za matumbawe, na vyote viko kwenye kina cha kuogelea kwa miwani na mrija. Kuzamia kwa mitungi wageni hawaruhusiwi, ni kwa watafiti tu.

Kulala usiku mmoja ukiweza ni bora kuliko safari tatu za mchana. Usiku ndiyo wanatoka wale kaa wakubwa wanaopanda minazi, wenye gando la kupasua nazi, ambao kwengine wameliwa wakaisha. Msitu wa maweni una paa nunga pia, walioletwa kutoka Unguja baada ya panya kuondolewa kisiwani, ingawa paa utamsikia zaidi kuliko kumuona.

Tazama na watu. Mlinzi ana umri gani, amekaa miaka mingapi, anaongea na meneja vipi? Mwenyeji anapandishwa cheo au ni wa kubeba mizigo tu? Nitakueleza kwa nini nasisitiza. Miaka ya nyuma nilimpeleka kijana wa jirani yangu, kwa mkono wangu, kwenye sehemu moja iliyojiita hifadhi ya kasa. Jina silitaji. Alikwenda na daftari jipya, akitegemea kupima mayai na kuhesabu siku za kuanguliwa, ambazo ni kama 60 hivi. Wiki ya tatu nilipomtembelea nikamkuta amesimama ndani ya bwawa la saruji, maji ya magotini, amemnyanyua kasa kwa mbavu zote mbili ili familia ya watalii ipige picha. Kasa anapiga mapezi hewani. Daftari lilikuwa kavu, halina neno. Nilimrudisha kwao jioni ile ile, na kosa lilikuwa langu: sikwenda kuangalia kwanza.

Kwa hiyo popote utakapoomba, uliza haya. Mnyama anashikwa na wageni? Kama ndiyo, ondoka. Takwimu mnazokusanya zinakwenda wapi, na naweza kuona za mwaka jana? Nani atakuwa msimamizi wangu kwa jina? Nitalala wapi, na wanawake wengine wako? Nikiumwa nani ananilipia boti ya kurudi? Naweza kusali kwa wakati? Hifadhi ya kweli haikasiriki kuulizwa. Na ujue tafauti ya hoteli iliyokodi kisiwa na hifadhi yenye hoteli ndani yake. Ya kwanza inalinda bahari ili vyumba viuzike, ya pili inauza vyumba ili bahari ilindwe, na tangazo la zote mbili linaandikwa kwa maneno yale yale.

Kazi yenyewe, usitegemee sinema. Utahesabu majani ya bahari ndani ya fremu ya mraba, jua la saa saba likiwa mgongoni, mraba baada ya mraba. Utaokota chupa za plastiki zilizokuja na kusi. Utawasaidia walinzi kuwatoa viti vya pweza wenye miba, wale wanaokula matumbawe, na hao wana sumu, hawashikwi kwa mkono. Utaandika idadi ya ngalawa zilizoonekana leo: saa ngapi, chombo gani, zilikuwa zinavua nini. Daftari hilo la ngalawa linachosha kuliko yote, na ndilo nililoona meneja akilifungua mbele ya maofisa kuonyesha kuwa uvamizi umepungua.

Tena naomba ulifikirie hili kabla ya kupanda meli kuja Unguja. Pemba yenyewe ina kazi. Kidike kuna popo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, walikuwa wamebaki mamia tu kwa kuliwa na kukatiwa miti. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalea, na miaka ishirini baadaye walihesabiwa zaidi ya 20,000. Hapakuwa na hoteli wala Mzungu mwenye mkataba, ni wanakijiji na maofisa wa misitu, na wafadhili wachache nyuma yao. Nenda kamati ya Kidike, au Ngezi msituni, omba mwezi mmoja wa kuhesabu na kuongoza wageni. Unalala kwenu, hulipi nauli ya meli, na barua yako ya Chumbe itakuwa na kitu cha kusema. Kama ungekuwa binti yangu ningekuanzishia hapo.

Rafiki yako wa Uholanzi shughuli yake ni nyengine. Akija kutembea, viza ya utalii inamtosha, pamoja na bima ya lazima ya Zanzibar ambayo tokea Oktoba 2024 kila mgeni wa nje aliye mtu mzima hulipia dola 44. Akitaka kujitolea, hata bila malipo, viza hiyo haimruhusu. Anahitaji kibali, na hifadhi inayompokea ndiyo imuombee kabla hajapanda ndege. Ikimwambia "njoo tu, tutayamaliza huku", asije. Na nyinyi wote wawili mkitaka kukusanya takwimu za utafiti wa chuo, kuna kibali cha utafiti cha Serikali, hata kwa Mzanzibari. Msiombe pamoja kwa barua moja. Atachukuliwa yeye kwa sababu analipa, na wewe utakuwa mkalimani wake.

La mwisho, kuogelea. Si aibu na si kizuizi, wengi wa walinzi niliowafahamu waliokulia pwani walikuwa wanaogopa kina. Utavishwa koti la kuelea. Nguo: usiingie na dera, likilowa linakuvuta chini kama nanga. Tafuta nguo ya kuogelea ya stara, sokoni Darajani, Mjini, zipo, au suruali nyepesi ya kubana na fulana ya mikono mirefu, na mtandio mfupi uliofungwa nyuma. Anza huko huko kwenu. Nenda na shangazi au dada yako, maji yakiwa yanajaa taratibu siku za maji mafu, simama yakufike kifuani, tia uso, toa pumzi, hesabu mpaka kumi, nyanyua. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili. Mrija na miwani ununue vyako, miwani ya kuazima huvuja, na anayeanza ikimvuja mara moja hataki tena. Kisha nitumie hiyo barua kabla hujaipeleka, nikuangalizie.